Kambale mkubwa anayezaa ndani ya tangi la nyumbani: mwongozo kamili wa kumchagua, kumwandaa na kulea vifaranga

Kambale wengi wakubwa wanaouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo hawatazaa ndani ya tangi lako hata siku moja, uwape maji safi namna gani. Ni vizuri hilo lijulikane kabla pesa haijatoka mfukoni. Samaki anauzwa akiwa na urefu wa kidole, sura inavutia, bei inalipika, na muuzaji anakuhakikishia kwamba "huyu hakui sana." Miaka miwili baadaye unazunguka mjini kutafuta mtu mwenye bwawa.

Kwa hiyo tuanze na swali ambalo wanunuzi wengi hulikumbuka mwishoni: kambale huyu anazaaje? Ukishajua anatagia wapi na nani analea, zaidi ya nusu ya orodha inajifuta yenyewe. Kwa maoni yangu, anayebaki juu ni gogogo wa Ziwa Tanganyika, Synodontis multipunctatus. Nitaeleza kwa nini, kisha twende hatua kwa hatua mpaka vifaranga.

Hatua ya 1: Pima nafasi kabla ya kupenda samaki

Kanuni ninayoitumia: tangi liwe na urefu usiopungua mara tano ya urefu wa samaki akiwa mzima, na kina cha kwenda nyuma, yaani kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma, kisipungue mara moja na nusu. Samaki wa sentimita 20 anaishi vizuri kwenye tangi la sentimita 150 kwa 60 kwa 50. Samaki wa mita 1 anataka chumba kizima.

Tangi la vipimo hivyo linabeba lita 450, yaani kilo 450 za maji peke yake. Ongeza vioo, mawe na stendi, umepita nusu tani. Kama unakaa ghorofani, liweke kando ya ukuta unaobeba jengo na usilipeleke katikati ya sebule. Fundi akatie kioo cha milimita 12, na chini ya tangi atandike bamba la povu gumu ili uzito usikae kwenye kijiwe kimoja kilichojificha juu ya stendi. Vioo vingi hupasukia hapo.

Hatua ya 2: Futa wale ambao hawatazaa

Mtego mkubwa kuliko wote ni kambale mkia mwekundu wa Amazoni na Orinoco, Phractocephalus hemioliopterus. Akiwa mdogo ana mgongo mweusi, ubavu mweupe, mkia wa rangi ya chungwa, na anajifunza upesi kula mkononi. Akikua anapita mita 1. Mashamba yanayomzalisha huweka wazazi kwenye mabwawa na kuwadunga homoni. Pangasianodon hypophthalmus, anayeuzwa kwa jina la papa ingawa ni kambale, ni samaki wa Mto Mekong anayesafiri umbali mrefu kwenda kutaga, na mashambani naye huzalishwa kwa sindano. Yule mnyonya vioo wa kawaida, Pterygoplichthys, hupita sentimita 40, na dume lake huchimba handaki kwenye kingo za udongo ili jike litagie humo. Kioo hakichimbiki.

Kambale mumi, Clarias gariepinus, anajulikana na kila mfugaji Afrika Mashariki, kwa hiyo swali la "kwa nini nisimzalishe huyu wa kwetu?" ni la haki. Porini husubiri mvua kubwa, mto ukifurika huingia kwenye majani yaliyofunikwa na maji, akataga usiku. Vituo vya vifaranga havisubiri mvua. Jike hudungwa dondoo la tezi ya pituitari au homoni ya dukani, mayai hukamuliwa, na dume kwa kawaida huchinjwa ili korodani zitolewe, maana manii yake hayakamuliki kwa mkono. Mayai huanguliwa ndani ya siku moja hivi kwenye maji ya nyuzi 28. Ni biashara nzuri, lakini ni kazi ya kituo, si ya sebuleni.

Kampango wa Ziwa Nyasa namtaja kwa mapenzi tu. Baba na mama hulinda kiota pamoja, na mama huwatagia watoto mayai yasiyorutubishwa wayale kama chakula, huku baba akiwaletea wadudu wa chini ya maji. Hakuna kambale mwenye malezi ya kuvutia kuliko huyo. Bahati mbaya anafika mita 1, na tangi la kumtosha hatuna.

Hatua ya 3: Chagua kati ya wanaozaa kweli

Kama hujawahi kuzalisha kambale wa aina yoyote, anza na Ancistrus, mnyonya vioo mdogo. Hana ukubwa wa kutajwa, sentimita 12 hadi 15, lakini kipande cha bomba la plastiki kilichozibwa upande mmoja kinamtosha kuwa nyumba ya uzazi, na dume hukaa humo akipepea mayai mpaka yaanguliwe. Atakufundisha kulisha vifaranga kwa gharama ndogo.

Ukitaka mkubwa zaidi, kuna watatu wa kufikiria.

Wa kwanza ni Sturisomatichthys, kambale mwembamba wa Kolombia na nchi jirani, anayefika sentimita 20 hivi na kufanana na kijiti kikavu. Hutagia kwenye kioo chenyewe, dume akalinda. Kutaga si tatizo, tatizo ni vifaranga: wanataka mwani na mboga laini mbele yao wakati wote, na wakikosa kwa muda mfupi tu wanakufa mmoja mmoja.

Wa pili ni Hoplosternum littorale wa Amerika Kusini, mwenye magamba magumu kama deraya, sentimita 20 na zaidi. Dume hujenga kiota cha povu chini ya jani linaloelea, na kifuniko cha boksi la povu gumu hulifaa vilevile. Punguza maji, kisha ongeza maji mapya yaliyopoa kidogo, ataamini mvua zimeanza. Akilinda kiota hushambulia hata mkono wako. Huyu humeza hewa juu ya maji, kwa hiyo mtu ambaye umeme wake haueleweki ningemwambia achukue huyu bila kusita.

Wa tatu ndiye gogogo wetu. Ziwani anaweza kufika sentimita 27, kwenye tangi mara nyingi 15 hadi 20. Ameumbwa kwa maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi, ambayo wengi wetu tunayo bombani au kisimani. Ana rangi, anaogelea kwa makundi mchana, tofauti na kambale wengi wanaojificha hadi usiku. Na uzazi wake hauna mfano: mwaka 1986 mtafiti wa Kijapani Tetsu Sato alieleza kwenye jarida la Nature kwamba samaki huyu hupenyeza mayai yake miongoni mwa mayai ya samaki wengine wanaoatamia mdomoni, kama kekeo anavyotaga kwenye kiota cha ndege mwingine. Mama wa watu huatamia mayai ya mgeni bila kujua. Mayai ya gogogo huanguliwa mapema, vifaranga wake humaliza kiini haraka, kisha huwala watoto wa mwenyeji humo humo mdomoni.

Kwako wewe mfugaji maana yake ni moja: kazi ya kuatamia inafanywa na samaki rahisi kufuga, na kazi yako inabaki kuwaweka pamoja.

Hatua ya 4: Nunua gogogo sahihi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu gogogo wenye madoa wanafanana na kuna machotara wanaozalishwa kwa homoni na kuuzwa kwa majina ya kifahari. Mwombe muuzaji amweke samaki kwenye chombo cha plastiki kinachoonyesha, mwinue mpaka usawa wa macho, umtazame kwa chini. S. multipunctatus ana tumbo jeupe lisilo na madoa, jicho kubwa, na pezi la mgongo jeusi la pembetatu lenye ukingo mweupe. Ukiona madoa yametapakaa mpaka tumboni, huyo ni S. petricola, S. lucipinnis au chotara. Hao wawili wa kwanza ni samaki wazuri ila ni wadogo, na hawahitaji mwenyeji kutaga.

Nunua sita mpaka wanane wakiwa wadogo. Kutofautisha jinsia kwa wadogo ni kubahatisha, na kundi kubwa hupunguza ugomvi. Wakikomaa, jike huwa mpana ukimtazama kwa juu, dume mwembamba zaidi mwenye pezi la mgongo refu. Hesabu kama miaka miwili kabla ya kutegemea mayai.

Usimchote kwa wavu. Mapezi ya ubavuni na la mgongoni yana miiba inayojifunga ikisimama, na wavu ukinasa huna njia ila kuukata kwa mkasi. Tumia jagi au bakuli. Wakati wa kusafirisha weka mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, maana mwiba hutoboa plastiki. Ukimsikia akitoa sauti ya kukwaruza mkononi usishtuke: ni mwiba wa ubavuni unaosuguana na kiungo chake.

Wageni wote wakae tangi la peke yao wiki 3 hadi 4. Ukilazimika kuwatibu, epuka dawa zenye shaba. Gogogo hana magamba ya kumkinga.

Hatua ya 5: Maji

Ziwa Tanganyika lina pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ya karibu 8.6 hadi 9.2. Huna haja ya kuifikia. pH 8 iliyotulia inashinda pH 9 inayopanda na kushuka kila ukibadilisha maji. Njia rahisi ni mfuko wa makombe yaliyopondwa, yale wanayouza kwenye maduka ya vyakula vya kuku, ukiwekwa ndani ya filta. Hakikisha ni makombe matupu yasiyochanganywa na dawa wala madini mengine, uyaoshe mpaka maji yatoke safi.

Visima vingi vya Dar es Salaam na Mombasa hutoa maji magumu yanayofaa, lakini ukiyaonja ukasikia chumvi waziwazi, yapime kwanza. Maji ya bomba yatulizwe kwa siku nzima yakiwa na jiwe la hewa, au utumie matone ya kuondoa klorini.

Kwenye maji ya aina hii kuna jambo moja la kuogopa, nalo ni amonia, sumu inayotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula. Kwenye pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia yote ndiyo iliyo kwenye hali ya sumu. Kwenye pH 9 inafika kama theluthi. Kinyesi kilekile ambacho samaki wa maji laini angekivumilia kinaweza kuua tangi zima la maji magumu. Kwa hiyo washa filta na uilishe punje za chakula cha samaki kidogo kidogo wiki 4 hadi 6 kabla ya samaki kuingia, ili bakteria wanaokula amonia waote ndani yake, na usiingize samaki mpaka vipimo vya amonia na naitraiti, sumu ambayo amonia hugeuka kuwa, visome sifuri.

Joto liwe nyuzi 25 hadi 27. Pwani hita huihitaji. Shida ni Januari na Februari, maji yakipita nyuzi 30 na hewa ikapungua. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili tatu. Arusha, Iringa au Nairobi ni kinyume chake, nunua hita. Na popote ulipo, weka pampu ya hewa ya betri, kwa ajili ya siku umeme utakapokatika usiku umelala.

Chini tandika mchanga laini, si kokoto zenye ncha, maana gogogo hupekua chini kwa ndevu zake. Panga mawe mpaka karibu nusu ya kimo cha tangi, yakisimama juu ya kioo chenyewe na siyo juu ya mchanga, wasije wakayachimba yakaanguka.

Hatua ya 6: Mwenyeji ni nusu ya kazi

Watu husoma kwamba gogogo huyu anatoka Tanganyika, wakamtafutia mwenyeji wa Tanganyika. Ni kosa la kimantiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kwenye jarida la Science Advances ulilinganisha wenyeji waliokua pamoja na gogogo huyu ziwani na wale wa maziwa mengine ambao hawajawahi kukutana naye. Wa Tanganyika walijua kukwepa na kuyatema mayai ya mgeni. Wa kwingine walinaswa mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo chukua furu wa Ziwa Victoria au mbuna wa Ziwa Nyasa, samaki wadogo ambao majike yao huatamia mayai mdomoni. Unachotafuta ni samaki wa sentimita 10 hivi, anayetaga mara kwa mara, mwenye mdomo wa kutosha, na asiye mkorofi kupita kiasi. Mimi napendelea furu. Anakomaa upesi, hana kelele nyingi na makazi, na jike akitoka kulea hachukui muda kutaga tena. Kati ya mbuna, Maylandia zebra naye anafaa ikiwa tangi ni refu.

Dume mmoja kwa majike sita mpaka wanane. Dume wawili watapigana mahali pa kutagia, na gogogo watakosa nafasi. Furu na mbuna waingie baada ya gogogo kuzoea tangi, wasijimilikishe kila pango.

Lisha kundi lote vizuri kwa wiki 2 au 3: tembe zinazozama taa zikizimwa, uduvi, nyungunyungu waliokatwakatwa, na konokono wadogo, ambao ndio chakula chao cha asili. Konokono wafuge mwenyewe kwenye ndoo. Wa mtoni au bwawani wanaweza kuwa na vimelea vya kichocho, na mkono wako ndio utakaoingia kwenye maji hayo. Kisha badilisha asilimia 40 ya maji kwa mkupuo. Mara nyingi furu hujibu ndani ya siku chache.

Hatua ya 7: Siku ya kutaga

Dume la furu huwaka rangi, hufagia shimo dogo kwenye mchanga, likaanza kutetemeka mbele ya jike. Jike likikubali, wanazunguka kwa duara, mdomo wa mmoja kwenye mkia wa mwingine. Jike linaachia mayai machache, linageuka, linayaokota. Halafu linadonoa yale madoa ya njano kwenye pezi la chini la dume, yanayofanana na mayai, na hapo ndipo linapopokea mbegu mdomoni.

Sasa watazame gogogo. Kabla hata ya yai la kwanza utawaona wameacha mapango, wanapita juu ya shimo mmoja mmoja, ndevu zimenyooshwa mbele. Yai likitoka wanaingia kwa kasi kati ya wawili hao. Kufumba na kufumbua wamekula mayai kadhaa ya furu, na palepale jike na dume la gogogo wametetemeka na kuacha ya kwao, madogo na meupe zaidi. Dume la furu linawafukuza, jike linahaha kuokota lililobaki, na katika haraka hiyo linazoa yote. Purukushani hii inaweza kurudiwa mara nyingi mpaka jike litakapomaliza.

Usiwashe taa kubwa, usitie mkono, usiwalishe. Kama gogogo wanakula mayai yote bila kutaga, wengi wao huenda bado wadogo. Wape miezi.

Hatua ya 8: Kutoa mayai mdomoni, au kumwachia mama

Jike linaloatamia utalijua kwa koo lililovimba, midomo inayotafunatafuna bila chakula, na kukataa kula. Una njia mbili.

Ya kwanza ni kuliacha. Liweke kwenye tangi dogo la peke yake, na baada ya kama wiki 3 litawatema vifaranga. Utapata gogogo wachache lakini wenye nguvu, kwa kuwa wameshakula watoto wa furu na mara nyingi wamekulana wenyewe kwa wenyewe.

Ya pili, ninayoipendekeza kwa anayetaka idadi, ni kuyatoa mapema, kati ya siku ya 3 na ya 5. Lowesha mikono. Jaza bakuli maji ya tangi lilelile. Shika jike kichwa kikielekea chini juu ya bakuli, fungua taya la chini taratibu kwa kijiti butu, kisha mzamishe na kumwinua polepole. Maji yanayopita kwenye matamvua yatasukuma vyote nje. Lisipotoa baada ya mara tatu nne, lirudishe na ujaribu kesho. Kulazimisha kunavunja taya.

Kwenye bakuli utatenganisha kwa macho: watoto wa furu wamebeba kiini kikubwa cha njano, wa gogogo ni wadogo, kichwa kipana, ndevu zimeanza kuonekana, na hawatulii. Wavute gogogo kwa bomba la kudondoshea dawa. Wahamishie kwenye chombo cha lita 10 hadi 20 chenye filta ya sponji iliyokwisha komaa, maji ya tangi la wazazi, bila mchanga.

Hatua ya 9: Kulea

Njaa ndiyo adui. Kifaranga wa gogogo ameumbwa kula aliye karibu naye, na asipopata chakula jirani yake anatosha. Artemia, uduvi wadogo sana wa maji ya chumvi, walioanguliwa siku hiyohiyo ndio chakula cha kuanzia, mara 4 au 5 kwa siku kwa wiki za mwanzo. Watoto wa furu wasiohitajika, ukiwa na moyo huo, ndio chakula chao cha asili. Tawanya vipande vifupi vya mrija mwembamba chini ili kila mmoja apate pa kujificha.

Badilisha robo ya maji kila siku kwa kuvuta uchafu wa chini, ukirudisha maji yenye joto na pH ileile. Kila wiki watenge kwa ukubwa. Aliyewazidi wenzake kwa nusu ya urefu ahame chombo leo, asisubiri kesho.

Wakifika sentimita 4 hadi 5 wanakula tembe ndogo zinazozama na wanaweza kuuzwa au kuhamia tangi kubwa. Wasichanganywe na Synodontis wa aina nyingine kwenye tangi la kukuzia, na kila chombo kiandikwe jina kamili na mwezi wa kuanguliwa. Watoto wa furu au mbuna waliobaki hawatupwi mtoni wala ziwani, hata kama mto uko nyuma ya nyumba. Wauze, wagawe, au walishe gogogo wakubwa.